Mgeni wa Mtendeni na Bima ya Uzazi

Hamoud bin Soud alizaliwa Mtendeni, akasomea chuo cha Kurani Mtendeni, akaoa Mtendeni, na mbali kabisa alikowahi kufika ni Kigoma, alikokwenda kumzika shangazi yake na kurudi na treni iliyofuata. Msafiri alikuwa babu yake. Mzee huyo aliipita njia ya misafara toka pwani hadi Ujiji mpaka miguu ikamkataa, akajenga Tabora, na inaelekea alichoka kwa niaba ya wajukuu wake wote, kwa sababu Hamoud hakuwahi kuwa na hamu ya kwenda popote. Kwa hiyo siku meneja wake alipomwambia kwamba yeye ni mgeni katika nchi hii, kwanza alicheka, halafu akakasirika, halafu akarudi kwenye mizani na kukosea uzito wa nta ya watu.

Ulikuwa mwaka 1965. Hamoud alikuwa karani wa mizani katika kampuni moja ya wageni iliyonunua nta na asali, godauni lake likiwa karibu na stesheni. Asubuhi wauzaji waliingia toka Sikonge na baiskeli zilizopakiwa madonge ya nta mpaka mwendeshaji haonekani, naye akayapima, akaandika, akawapa stakabadhi. Waliomjua walimpenda kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Wasiomjua walidhani anaringa. Ukweli ni kwamba Hamoud alikuwa na haya, haya ya kiasi cha ugonjwa, na ndiyo iliyomfikisha kwenye huo ugeni.

Uhuru ulipokuja, watu wenye asili ya Uarabuni kama yake walipewa muda wa kwenda kujiandikisha uraia. Kaka yake Muhanna, mwenye duka la nguo pale pale Mtendeni, alikwenda mapema akarudi na karatasi yake, akaitundika dukani juu ya majora ya kitambaa. Hamoud alisema atakwenda wiki ijayo. Alikuwa amesikia kwamba pale ofisini mtu anaulizwa maswali mbele za watu: baba yako nani, mama yako nani, una wake wangapi, nao wanaitwa nani. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, na muda ukafungwa. Alipopeleka maombi yake hatimaye, baada ya kusukumwa na kaka yake, akaambiwa sasa asubiri kama wanavyosubiri wageni wengine.

Hilo swali la wake wanaitwa nani ndilo hasa lililomtia jasho. Katika nyumba yao mwanamume hamtaji mkewe kwa jina mbele ya watu baki. Husema jamaa zangu, au watu wa nyumbani, na akishajaaliwa mtoto husema mama fulani, hapo mambo yakawa mepesi. Hamoud alikuwa ameoa miaka tisa. Mkewe, Khole binti Hilal, alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka hana uhai baada ya uchungu wa kutwa kucha. Hivyo hapakuwa na fulani wa kumwitia mama yake. Dukani kwa Muhanna wanaume waliuliziana hali ya mama Zuwena na mama Nasra, na wakifika kwa Hamoud walisema tu, "Na nyumbani wazima?" Naye alijibu wazima.

Meneja wa kampuni alikuwa Mgiriki mmoja mzee, Bwana Kostas, ambaye alikwishakaa Tabora mpaka akikasirika anatukana kwa Kinyamwezi. Alimwita Hamoud ofisini akamwambia kwamba wakubwa wa ng'ambo wameamua kuwakatia bima ya matibabu wafanyakazi wote wasio raia, wao na wake zao.

"Hongera, Hamoud. Wewe na mimi tuko kundi moja."

"Mimi si mgeni, Bwana Kostas. Nimezaliwa hapo nyuma ya msikiti."

"Nionyeshe karatasi."

Hamoud hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

"Basi wewe mgeni. Sasa sikiliza. Bima ziko mbili, unachagua moja. Ya kwanza ina meno, macho, kuvunjika mguu, kila homa unayoijua, na ukifa wanakusafirisha mpaka kwenu." Bwana Kostas akasita. "Wewe kwenu sijui watafanyaje. Labda watakutia kwenye mkokoteni wakusukume hadi Mtendeni. Lakini hiyo haina uzazi. Ya pili inao. Mke anapelekwa hospitali ya binafsi Dar es Salaam, anakaa huko mpaka anajifungua, na kama ni kupasuliwa, anapasuliwa na daktari bingwa. Ila meno na macho utajigharamia mwenyewe. Na siku utakapopata uraia, zote mbili huna."

Akaeleza pia kwamba kwa kawaida bima ya uzazi haimpokei mwanamke ambaye tayari ni mjamzito. Hungoja karibu mwaka mzima kwanza. Ila huu ulikuwa mwezi wa kuifungua, na wote watakaoandikwa kabla haujaisha watapokelewa jinsi walivyo.

"Sikuulizi kitu," akasema Bwana Kostas, akitazama dirishani. "Nakuambia tu."

Hamoud alishukuru akatoka. Khole alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtaa mzima ulikwishaiona chini ya baibui, na mtaa mzima ulikuwa umenyamaza, kwa sababu mimba ya mtu aliyepoteza wawili haitajwi ovyo.

Jioni hiyo mambo yalijadiliwa uani. Mama yake Hamoud, Bi Masika, alikaa kwenye mkeka akimenya karanga. Jirani yao Pelagia, mkunga wa hospitali ya misheni, alipita akitoka kazini, kama alivyofanya karibu kila siku tangu Khole aanze kubadilika. Muhanna naye alikuja, na alianza kupinga tangu mlangoni.

"Baada ya mambo ya Unguja mwaka jana, sisi watu wa asili hii tunatazamwa," alisema. "Nawe leo unakwenda kujiandikisha kwa mkono wako kwamba u mgeni? Kesho utaufuata uraia kwa uso gani? Hospitali ya serikali ipo, ni ya kila mtu. Tulia, ungoje karatasi yako, uzae kwenu."

"Kwani anazaa yeye?" akauliza Bi Masika bila kuinua macho kwenye karanga.

Pelagia alijiegemeza ukutani. "Mimi mambo ya uraia siyajui, Bwana Muhanna. Ninalolijua ni kwamba nyonga za huyu ni nyembamba. Wale wawili walikwama pale pale. Huyu asingoje uchungu, apasuliwe kabla. Hapa kwetu mpasuaji huja na kuondoka. Akiwepo siku hiyo, Mungu ashukuriwe. Asipokuwepo, tunamtia mama kwenye gari na kupiga magoti."

Khole alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko. Mbele ya shemeji yake hakuwa na desturi ya kuongea, na Muhanna alishtuka aliposikia sauti yake.

"Shemeji, nimekusikia na wala hukukosea. Lakini uraia utangoja. Umeshangoja miaka yote hii, hauna haraka. Mimi nimezaa wawili kimya. Nataka mtoto anayelia. Akilia kwa bima ya mgeni au akilia kwa bima ya mwenyeji, kwangu ni sauti ile ile."

Muhanna alikohoa, akavaa viatu, akaaga kwa adabu sana. Ndivyo ilivyochaguliwa bima ya pili. Hamoud alilala amefurahi usiku ule, akijiona mume aliyefanya jambo la maana, na kwa kweli lilikuwa la maana. Kilichobaki ni kuandikwa tu.

Wakala wa bima alikuja toka Dar es Salaam wiki iliyofuata. Aliitwa Bwana Anselm, mtu nadhifu, shati jeupe, nywele zimechanwa upande. Kwa bahati mbaya ofisi ya Bwana Kostas ilikuwa inapakwa chokaa, basi akawekewa meza ndani ya godauni, karibu na mizani, mahali ambapo wauzaji wa nta walisimama foleni na baiskeli zao na hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

"Jina la mke?" akauliza Bwana Anselm, kalamu mkononi.

Hamoud alisogea karibu. "Watu wa nyumbani wapo wawili," alisema kwa sauti ya chini.

"Wake wawili? Bima hii ni ya mmoja."

"Hapana, hapana. Mke ni mmoja. Na mama."

"Mama hayumo. Mke anaitwa nani?"

Foleni ilikuwa imetega masikio. Mzee mmoja wa Sikonge aliacha hata kutafuna. Sasa usimwone Hamoud mjinga. Tangu baba yake afariki, kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kwa jina la mama yake. Hati ya kiwanja ilisema Bi Masika, leseni ya baba ilihamia kwa Bi Masika, na yeyote aliyetaka kupeleka salamu, mwaliko au tanzia kwa wanawake wa nyumba ile aliipeleka kwa Bi Masika, naye akawagawia walio chini yake. Jina la mama halina aibu, mtu hulitaja kwa fahari. Hamoud alijiambia kwamba bima ni ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe.

"Masika binti Mbarak," akasema.

"Umri? Amezidi miaka ishirini na moja?"

"Amezidi."

"Ni mjamzito?"

Hamoud aliitazama mizani kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Nyumbani kuna matumaini."

Bwana Anselm akaandika ndiyo, akapuliza wino, akasema mwingine. Na hivi ndivyo Masika binti Mbarak, mjane mwenye miaka zaidi ya sitini, alivyopata bima ya uzazi ya kampuni ya ng'ambo.

Kadi ilifika kwa posta siku moja kabla ya mwezi kwisha. Hamoud aliileta nyumbani mchana, akaiweka kwenye sinia mbele ya Khole pamoja na zabibu kavu alizozinunua njiani. Khole alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Aliisoma kadi, akaisoma tena, akaangua kicheko mpaka akashika tumbo.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo, una mimba!"

Bi Masika alitoka chumbani akijifunga mtandio. Alipoelezwa alikaa chini pale pale alipokuwa. "Mimi? Mimi nizae? Ee Mola nisitiri, na baba yenu yuko kaburini!" Naye akaanza kucheka, kicheko cha mtu mzima kisicho na meno mengi, na Pelagia alipofika jioni akakuta habari inamngoja. Alimtazama Bi Masika toka kichwani hadi miguuni kwa macho ya kazi.

"Kliniki yetu ni Jumanne, Bi Masika. Usichelewe, foleni ni ndefu."

Hamoud naye alicheka, kwa kujilazimisha, kisha akasema alilokuwa akilifikiri tangu mchana. "Lakini halina ubaya. Dar nani anamjua nani? Atakwenda na kadi hii hii. Wakimwita Masika ataitika. Akijifungua salama tunarudi, basi."

"Na cheti cha mtoto?" akauliza Pelagia. "Hospitalini wanaandika jina la mama kama lilivyo kwenye kadi. Ataandikwa mtoto wa Hamoud na Masika. Atakuwa mwanao na ndugu yako kwa mpigo mmoja."

Bi Masika alicheka tena. Khole hakucheka. Alichukua sinia akaingia ndani, na baada ya kitambo Hamoud akamfuata. Alimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, zabibu ziko vile vile.

"Wale wawili hawakuandikwa popote," alisema Khole. Hakupandisha sauti. "Hawakupewa majina, tukawazika, watu wakasema Mungu atawapa wengine. Nikanyamaza. Sasa na mimi nifutwe? Nikifa pale mezani, Hamoud, utaletewa simu kwamba mama yako amekufa. Mama yako yuko hapa anamenya karanga. Mimi nitakuwa nani?"

"Usiseme maneno hayo."

"Nayasema, maana ndiyo yaliyomo kwenye hiyo kadi. Wenzangu ni mama Zuwena, mama Nasra. Mimi sina mtoto wa kuitiwa. Jina langu ni hili moja tu, nawe unalionea haya."

"Silionei haya," akasema Hamoud. "Nalitunza."

"Umelitunza mpaka limepotea."

Hamoud alisimama katikati ya chumba. Miaka tisa alidhani amemheshimu mkewe kwa namna bora kuliko zote, na huyu hapa alikuwa amekaa mbele yake amevunjika moyo kwa heshima hiyo hiyo. Aliogopa pia, hofu ya wazi kabisa: kesho ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Baada ya hapo Khole angehesabiwa mwanamke mwenye mimba tayari anayeomba bima ya uzazi, na jibu la watu hao alikuwa ameshaambiwa.

"Kesho nitapiga simu Dar," akasema.

"Nitakuja nawe," akasema Khole. "Nataka nisikie."

Kulipokucha simu ya kampuni ilikuwa haifanyi kazi, mvua ilikuwa imeangusha nguzo. Hamoud akaomba ruhusa, wakaenda Posta, yeye mbele, Khole na Pelagia nyuma kwa mwendo wa taratibu. Posta palijaa. Walikuwamo wastaafu wa reli waliokuja kuchukua pensheni, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha Hamoud alifu be te, wateja wawili wa duka la Muhanna, na yule mzee wa Sikonge wa godauni, aliyekuja kutuma barua. Nyuma ya kaunta alikaa Eustadia, msichana wa simu, aliyevaa vipokea sauti masikioni na sura ya mtu ambaye ameshasikia siri zote za Tabora na hakupendezwa na hata moja. Kibanda cha simu kilikuwepo, lakini mlango wake ulikuwa umeng'olewa kwa matengenezo.

Khole aliketi kwenye benchi chini ya saa ya ukutani. Pelagia akakaa karibu naye. Hamoud aliingia kibandani, akaipa umati mgongo, akangoja. Simu ya masafa siku hizo ilikuwa ya kupiga kelele, mtu alipaza sauti kama anaita ng'ombe toka bonde la pili.

"Haloo! Bwana Anselm? Hamoud bin Soud hapa, Tabora! Tabora! Kampuni ya nta!" Akanyamaza, akasikiliza. "Kuna kosa kwenye kadi! Jina! Ndiyo, jina la mke!"

Watu waliokuwa wakizungumza waliacha. Mwalimu wa chuo aliinamisha uso akaitazama bakora yake.

"Masika siye! Masika ni mama yangu!" Mtu mmoja kwenye foleni ya stempu alitoa sauti ya kicheko, mwenzake akamkanyaga mguu. "Mama yangu mzazi! Nilikosea mimi! Ndiyo, mimi mwenyewe!"

Akasikiliza tena. Shingo yake ilikuwa imelowa. Ilionekana huko Dar es Salaam Bwana Anselm alikuwa ameuliza swali lake lile lile, na Hamoud akageuka kidogo, akamwona Khole pale kwenye benchi, mikono juu ya tumbo, macho yamemkazia yeye.

"Khole!" akasema.

Haikutosha. Akavuta pumzi.

"Khole! Mke wangu anaitwa Khole! Khole binti Hilal! Ka, ha, o, la, e! Ndiye mke wangu, sina mwingine! Ni mjamzito, miezi saba inaanza! Apasuliwe, ndiyo, mkunga amesema! Khole! Andika leo, bwana, leo mwezi unaisha! Khole binti Hilal, wa Mtendeni, Tabora! Khole!"

Eustadia alisogeza kipokea sauti kimoja, akainama dirishani pake.

"Bwana," alisema, kwa sauti ya kawaida iliyosikika kila pembe, "wamekupata tangu mara ya kwanza. Wameshaandika. Laini imekatwa kitambo."

Hamoud alirudisha simu mahali pake. Alilipa, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Mwalimu wake wa chuo aliitikia salamu yake kwa shida. Ni yule mzee wa Sikonge peke yake aliyeinua mkono.

"Mwangaluka, karani," akamsalimia kwa Kinyamwezi. "Mungu amjalie huyo Khole."

Nje, juani, Hamoud alijifuta uso kwa kofia. Pelagia alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yanatikisika. Walipofika kwenye kona ya soko, Khole alimgeukia mumewe.

"Laini ilikuwa imekatwa," alisema.

"Sikujua."

"Uliendelea tu."

"Niliendelea tu," akakubali Hamoud, naye akacheka mara ya kwanza siku ile.

Habari ilimfikia Muhanna kabla wao hawajafika nyumbani. Alifunga duka akaja na uso wa msiba. Alisema mdogo wake ameitangaza nyumba ya baba yao Posta kama mnada, na tena kwa kuhangaikia bima ya wageni. Bi Masika alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia akalete kitambaa cha maana cha kumshonea Khole nguo za safari, na asimtoze. Muhanna alileta. Kwa kweli alileta kizuri, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na maneno.

Kadi mpya ilikuja, nyekundu, yenye jina la Khole limepigwa kwa mashine. Walipanda treni mwezi mmoja kabla ya siku ya kutazamiwa, wakapita Goweko wakila mayai ya kuchemsha, na Hamoud, mgeni aliyewahi kusafiri mara moja tu, akatapika kuanzia Dodoma hadi Morogoro huku mkewe mjamzito akimshikia kichwa. Dar es Salaam alilala kwa jamaa wa mbali wa mama yake, na kila siku alikwenda hospitali kukaa kwenye benchi la wanaume. Wanaume wale walikuwa Wahindi, Wazungu, mmoja Mghana. Nesi alipotoka na kuuliza nani hapa mume wa Khole, Hamoud alisimama haraka mpaka kofia ikaanguka. Akaambiwa amepata mtoto wa kiume, mzima, na kwamba mama yake anaamka na anaomba maji. Hamoud aliuliza lile la pili tena. Mama anaamka? Anaamka. Ndipo alipokaa chini, akalia mbele ya wageni wenzake bila kujificha.

Mtoto aliitwa Soud, jina la babu yake.

Uraia wa Hamoud ulipatikana mwaka uliofuata, naye akairudisha kadi ya bima kwa Bwana Kostas bila huzuni. Hata angeibakiza isingemfaa muda mrefu, maana baada ya Azimio la Arusha bima zote zilikwenda kwenye shirika la umma, na kampuni ya nta nayo ikawa ya ushirika, mizani ile ile, karani yule yule. Khole hakuzaa tena. Walishauriwa hivyo na daktari, wakakubali.

Lakini siku ya kurudi toka Dar es Salaam hayo yote yalikuwa bado. Treni iliingia Tabora asubuhi. Wanawake wa Mtendeni walijaa jukwaani, Bi Masika mbele yao, na mara Khole alipoteremka na mtoto kifuani vigelegele vikapasuka.

"Mama Soud! Mama Soud, huku! Mama Soud!"

Khole aliendelea kutembea. Alitazama mizigo, akatazama ngazi ya behewa, akamrekebishia mtoto kofia. Wakazidi kuita, naye hakugeuka, mpaka Hamoud alipomgusa kiwiko.

"Wanakuita wewe," alisema.

Khole alisimama. Aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja, na pale pale jukwaani akalia kwa sauti, na wanawake nao wakalia, maana wote walijua jina hilo limekawia miaka mingapi. Muhanna alijipenyeza katikati yao akiwa na kanzu iliyopigwa pasi, akampa mdogo wake mkono, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, sauti ya mwanamume ambaye hatimaye ana neno la heshima la kulitumia.

"Na mama Soud hajambo?"

"Khole hajambo," akajibu Hamoud. "Safari imemchosha kidogo."

Vigelegele vilipungua. Bi Masika aliguna, akasema Dar es Salaam imemharibia mwanawe, akampokea mjukuu wake na kuanza kumtafuta amefanana na nani. Khole alijifuta macho kwa ushungi. Alimsogelea mumewe, wakawa wanatembea bega kwa bega kuelekea lango la stesheni.

"Wao waache waniite Mama Soud," alimwambia. "Nimelingoja, nitaliitika. Lakini wewe usiache hili langu."

"Siachi, Khole," akasema Hamoud, mbele ya wapagazi, mkaguzi wa tiketi na mtaa mzima wa Mtendeni.